Toleo jipya la programu ya nyaraka limeshamjua "Bibi"

Wakuu habari za siku. Ni wiki ya tatu sasa tangu tuapdeti ile programu tunayotunzia nyaraka za kiwanda na watu wameshaniuliza sana imekaaje, basi ngoja niandike mara moja. Mi ndo mtu wa nyaraka hapa, yaani maelekezo ya kazi, michoro ya mabomba, fomu za joto, ratiba za sevisi, vyote vinapita kwangu kabla havijamfikia fundi. Jina la programu sitaji maana toleo la zamani nitalisema vibaya kidogo.

Kiwanda chetu ni cha sangara, tuko pembeni ya ziwa hapa Mwanza, tunafileti na kugandisha. Kwa asiyeijua hii biashara, makaratasi ndo roho yake. Wakongwe wa kazi wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilivyofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, mwaka 1999 ishu ikawa uvuvi wa sumu, na mkaguzi wa siku hizi akiingia wala haangalii kwanza minofu yako ilivyo mizuri, anauliza rekodi ziko wapi. Friza inatakiwa iwe -18 au chini ya hapo, sawa, nani aliandika, saa ngapi, kwa maelekezo ya rivisheni ipi, yaani toleo la ngapi la waraka?

Sasa kwenye hili toleo wametangaza mambo mengi, skrini nyeusi ya usiku, rangi mpya, vijialama vya duara, hayo napita. Kilichobadilisha kazi yetu ni kisanduku cha kutafutia.

Zamani ukitaka maelekezo ya kompresa ya tatu ilibidi uandike CP-103, na kistari katikati, ukikisahau unaambiwa hakuna waraka. Na hakuna binadamu pale ndani anayesema CP-103. Ile kompresa inaitwa Bibi, kwa sababu asubuhi ukiiwasha inakohoa kwanza ndo inatulia. Kuna pampu inaitwa Kamanga maana inavuta maji upande zinakotokea feri za Kamanga. Fundi anajua mashine yake vizuri kabisa ila anasimama mbele ya kishikwambi kama mgeni, mwisho ananipigia simu, na mi saa nane usiku nimelala Nyegezi.

Toleo jipya kila kifaa kina sehemu ya majina mengine. Basi nikachukua daftari nikaenda kukaa na mafundi kwa mama ntilie nje ya geti, jioni mbili, wanakula ugali na sato mi naandika, hii mnaiitaje, na ile je, zamu ya usiku mnaiitaje maana nao wana majina yao tofauti. Nikaingiza yote. Sasa ukiandika "bibi" inakuja CP-103 na nyaraka zake zote. Ile kodi ya herufi na namba, CP-103, sijaitupa, mchoraji wa mabomba na mtu wa spea wanaihitaji vilevile, ni kwamba tu fundi halazimiki tena kuikariri.

Na kisanduku kinasamehe makosa ya herufi. Hili kwa huku kwetu Usukumani ni neema, si unajua sisi l na r hatujawahi kuelewana, mtu anaandika "chumba cha balafu" na programu inamletea chumba cha barafu bila kumcheka. Halafu ina kasi. Wasanifu wa programu wana vipimo vya zamani, jibu likija ndani ya sekunde 1 mawazo ya mtu hayakatiki, likivuka sekunde 10 keshaanza kuangalia pembeni. Ile ya zamani ukishatafuta unaweza kwenda kufunga gambuti zako ukarudi bado inazunguka.

La pili ni mikono. Pale ndani mtu ana glovu na maji kila mahali. Skrini hizi za kugusa zinahisi umeme kidogo wa kidole, glovu nene ya mpira inauzuia, na tone la maji nalo linaweza kujifanya kidole likafungua kitu hujagusa. Wametengeneza modi ya sakafuni, vitufe vikubwa, viko mbali mbali, na vile vya kukubali viko chini karibu na dole gumba. Sio ujanja mpya, mwanasaikolojia Fitts alishaonyesha mwaka 1954 kwamba kitu kikubwa kilicho karibu unakifikia haraka kuliko kidogo kilicho mbali. Ila glovu nene bado zinasumbua, tumelazimika kununua kalamu za skrini tukazifunga kwa kamba, na mbili zimeshapotea.

Hili la tatu ndo linaninyima usingizi. Kwenye mfumo wa amonia, ile inayopoza friza, oili ya kompresa inazama chini, kwa sababu ni nzito kuliko amonia ikiwa kimiminika, kwa hiyo inatolewa kwa valvu ya chini kabisa. Amonia inachemka kwenye nyuzi -33 hivi, ukizembea na ile valvu gesi inakujaa usoni, na ile sio harufu ya kuvumilia, inaua. Maelekezo yetu ya sasa yanataka valvu inayojifunga yenyewe mkono ukiachia. Ya zamani hayakuwa nayo. Na mwaka jana nilikuta ya zamani yamebandikwa ukutani kwa selotepu, yameprintiwa, yamelowa, na mzee wa zamu akaniambia "dada, hii ndo tunaitumia, ile ya kwenye mashine haifunguki." Nilikosa la kumjibu maana alikuwa na haki. ISO 9001 ya 2015, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, inasema waraka upatikane pale na wakati ule unapohitajika, mi nilikuwa nao ofisini umekaa vizuri sana.

Sasa waraka unajishusha wenyewe kwenye kishikwambi, mtandao ukikata unasoma tu. Ukiprinti karatasi inatoka na tarehe na kodi ya kuskani, ukiiskani inakuambia kwa herufi kubwa kama imeshapitwa. Na inasevu yenyewe kila unapoandika, umeme ukiondoka haupotezi kitu, hapo sina la kuongeza.

Ubaya upo. Wameweka Kiswahili, asante, ila aliyetafsiri sijui alikuwa anawaza nini. Kitufe cha kuuchukua waraka ukauhariri kimeandikwa "Angalia Nje", yaani "check out" neno kwa neno. Kijana mmoja wa maabara aliangalia kweli dirishani. Cha kuuidhinisha uanze kutumika kimeandikwa "Achilia", yaani "release", kama vile waraka ni ng'ombe yuko zizini. Nimewaandikia tafsiri zangu, wamesema zitaingia kwenye apdeti ijayo.

Na kingine nilichowaandikia, orodha ya rivisheni inapanga kwa herufi badala ya namba, kwa hiyo rivisheni ya 10 inakaa kati ya 1 na 2 na mtu mwenye haraka anafungua 9 iliyoko mwisho akidhani ndo mpya. Hilo bado hawajanijibu. Kwa sasa naanza majina na 01, 02, 03, kwa mkono, waraka mmoja mmoja, nimefika herufi K.