Irpin, mto mdogo uliozuia majeshi

Mto Irpin una urefu wa kilomita 162 tu. Unaanzia mkoa wa Zhytomyr nchini Ukraine, unapita magharibi mwa mji mkuu Kyiv, kisha unaingia kwenye mto mkubwa Dnipro, kaskazini mwa jiji hilo. Mkondo wake ni mwembamba, na sehemu nyingi anayejua kuogelea anauvuka bila taabu. Hata hivyo, majeshi yamekwama hapo zaidi ya mara moja, na sababu yake ni bonde: pana, tambarare, lenye kinamasi kinachomeza mguu wa farasi na mnyororo wa kifaru vilevile.

Watawala wa kale walilijua hilo. Mwaka 991 mfalme Volodymyr alijenga ngome ya Bilhorod kwenye ukingo wa juu wa mto huu ili kuikinga Kyiv. Kumbukumbu za kale zinasimulia kwamba mwaka 997 Wapechenegi, wafugaji wapiganaji wa kuhamahama kutoka nyika, waliuzingira mji wa Bilhorod mpaka njaa ikabisha hodi. Mzee mmoja akawashauri wenzake wachimbe visima, watumbukize humo mapipa ya uji na maji ya asali, kisha wawaite wajumbe wa adui waje kuonja. Wajumbe waliamini kwamba ardhi yenyewe inawalisha watu wale, wakaondoka. Hata kama ni ngano, inaonyesha uzito wa mahali hapa. Karne ya 17 Irpin ulikuwa mpaka kati ya eneo la Kyiv lililoshikwa na Urusi na ardhi za Poland. Julai 1941 vifaru vya Wajerumani vilifika mtoni na kusimamishwa hapo, mbele ya mstari wa ngome za zege.

Enzi ya Kisovieti ndiyo iliyougeuza mto wenyewe. Mkondo ulinyooshwa ukawa kama mfereji, mitaro ikachimbwa, kinamasi kikakaushwa kwa ajili ya mashamba. Katikati ya miaka ya 1960 bwawa la Kyiv lilijazwa kwenye Dnipro, na usawa wa maji yake ukawa juu kuliko bonde la Irpin. Ndipo lilipojengwa tuta kijijini Kozarovychi, pamoja na kituo cha pampu. Tangu hapo mto huu haukufika Dnipro kwa kuteremka kama mito mingine. Ulilazimika kupandishwa kwa mashine. Zima pampu au bomoa tuta, bonde linarudi kuwa ziwa.

Hilo ndilo lililotokea Februari 2022. Majeshi ya Urusi yaliposhuka kutoka kaskazini, Waukraine walivunja madaraja na kuyaachia maji ya bwawa yaingie bondeni. Zaidi ya hekta 2,000 zilifunikwa, na njia ya kuelekea Kyiv upande huo ikazibwa. Gharama yake waliibeba wakazi wa Demydiv, kijiji kilicho bondeni humo, ambao maji yaliingia katika bustani zao na maghala ya chini ya nyumba wanamohifadhia viazi.

Tangu wakati huo wataalamu wanajadiliana: tukaushe tena, au tuache kinamasi kirudi? Sisi tunaoshughulika na ardhi oevu tuna sababu ya kutaka kirudi. Chini ya bonde kuna peti, mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa kwa sababu ya maji. Ikikauka huoza, hutoa hewa ya ukaa, na ikishika moto huweza kuungua chini kwa chini kwa wiki nyingi. Ikilowa, huhifadhi kaboni, huchuja maji, na samaki na ndege hupata makao.

Lakini si haki kumwambia mama wa Demydiv kwamba bustani yake sasa ni makazi ya ndege. Nionavyo, sehemu zisizo na nyumba ziachiwe maji, vijiji vikingwe kwa matuta, na waliopoteza mali walipwe fidia kabla mpango wowote haujaanza. Mabomu yaliyobaki ardhini nayo yateguliwe kwanza, kwa kuwa mtaalamu hawezi kupima peti mahali asipothubutu kukanyaga.