Mkono Unatetemeka? Kipimo cha Maikro-RNA Hakipo Dirishani

Tangu Siku ya Parkinson Duniani, 11 Aprili, dirisha letu la maabara la kupokea sampuli hapa Kigoma halipumui. Watu wanatuonyesha picha kwenye simu: "Tunataka kipimo hiki cha damu cha maikro-RNA, cha kupima Parkinson." Wengine wameshalipia mtaani na karatasi ya majibu wanayo mkononi. Mwamko huo tunaushukuru. Ila kipimo hicho hatuna; kwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo, bado ni kazi ya watafiti.

Maikro-RNA ni vipande vifupi vya RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya jeni) vyenye takriban herufi 22. Havitengenezi protini, bali huzuia protini zisitengenezwe kupita kiasi. Victor Ambros na Gary Ruvkun walivigundua kwenye mnyoo mdogo, wakachapisha mwaka 1993 na kupewa Nobeli 2024. Kwenye Parkinson, seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia mwili kusogea, hufa, na protini ya alfa-sinukleini hurundikana. Kipande kiitwacho miR-7 ni breki ya protini hiyo. Breki ikilegea, ni kama baiskeli yenye mzigo inayoshuka kutoka mtaa wetu wa Mwanga kwenda stesheni.

Sasa, kuhusu sampuli. Damu ya utafiti wa maikro-RNA huwekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi (igeuzwe, isitikiswe!), izungushwe kwenye sentrifuji mapema, kisha plazma (maji ya damu) itenganishwe na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Seli nyekundu zikipasuka, plazma huwa ya pinki, maikro-RNA iitwayo miR-451 iliyokuwa ndani ya seli hizo humwagika na jibu huharibika. Tyubu iliyokuja na bodaboda juani, haina jina wala saa ya kutolewa damu, tunaikataa. Tusilaumiane.

Mtafiti akiomba damu yako, mdai kibali cha maadili na fomu ya ridhaa ya Kiswahili. Sampuli ikienda nje ya nchi, pawepo mkataba wa kuihamisha ulioidhinishwa. Majibu yako yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Maabara isiyosajiliwa inavunja sheria, hata kama karatasi yake ina muhuri wa rangi tatu.

Wanaosema mtetemo ni kurogwa nimeshawajibu mara nyingi kuwa sivyo, sirudii. Si kila mtetemo ni Parkinson, na anayetofautisha ni daktari: hutazama mkono uliotulia pajani, vidole vinavyogongana, mguu unaoburuzwa.

Mzee mmoja, fundi wa nyavu, alikuja na mwanawe kudai kipimo hicho. Nikampa kalamu ajaze fomu. Jina lake lilianza kubwa, likaishia kama sisimizi; mwandiko unaosinyaa hivyo ni dalili mojawapo ya Parkinson.

"Shikamoo mzee, hii fomu mpelekee daktari," nikamwambia. Tone la damu sikuchukua. Alianzishiwa levodopa, dawa ya Parkinson, na baada ya miezi miwili alirudi dirishani. Safari hii sahihi ilisomeka.

"Mwanangu," akaniuliza, "na yale majibu yangu ya maikro-RNA, bado tu?"