Acha Kuniuliza Wati Ngapi

Mia tatu ukitoa mia moja tisini na tano, zinabaki mia moja na tano. Hesabu hii nimeletewa tena juzi, imeandikwa vizuri, na mtu aliyeileta alikuwa tayari ameshanunua kadi ya picha ya kuongeza kwenye kompyuta yake. Kompyuta hiyo ya mezani imetoka kiwandani na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ya wati 300. Kadi ni RTX 3050 ya GB 8, inayokula wati 130. Prosesa ni ya wati 65. "Fundi, si zinabaki nyingi tu?"

Hazibaki. Kujumlisha alijumlisha sawasawa. Kosa ni kuiamini ile 300.

Toa pawa saplai ugeuze upande wenye lebo. Utaona jedwali: volti 3.3, volti 5, volti 12, na chini ya kila moja ampia zake. Kila volti ni mstari wake wa umeme, na ile namba kubwa ya wati ni jumla ya mistari yote. Zamani prosesa ilikula kwenye volti 5, ndiyo maana mistari midogo ilipewa nguvu nyingi. Kuanzia mwaka 2000, kiwango cha pawa saplai kiitwacho ATX12V kilihamishia chakula cha prosesa kwenye volti 12, na kadi za picha zikafuata. Leo karibu kila kitu kizito ndani ya kasha kinakula volti 12. Kwa hiyo mstari unaokuhusu ni huo tu.

Lebo yake ilisema volti 12, ampia 18. Zidisha: wati 216. Sasa toa 195, zimebaki 21, na hapo hujagusa feni, diski wala madabodi yenyewe, ile bodi kuu inayobeba kila kitu. Zile nyingine zipo kweli, ila zimekaa kwenye volti 3.3 na 5, ambako kadi haichoti karibu chochote. Na ukikuta mistari miwili ya volti 12, usizijumlishe ampia zake kichwani. Mara nyingi pembeni wameandika kikomo cha pamoja, na huwa ni kidogo kuliko jumla yako.

Tuendelee, kwa sababu hata 195 yenyewe siikubali. Wati 130 za kadi ni wastani. Ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde kadi huruka juu sana ya hapo, ikashuka, ikaruka tena. Tatizo hili lilikua hadi Intel, katika kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022, ikataka pawa saplai ihimili mruko wa asilimia 200 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Pawa saplai ya kiwandani ilipimwa kwa mashine kama ilivyouzwa, haikupimwa kwa mruko wa kadi utakayoongeza wewe. Dalili yake naijua kwa macho: katikati ya gemu skrini inakuwa nyeusi na mashine inazima palepale, bila ujumbe wowote. Mwenyewe anaanza kulaumu draiva, anafuta Windows, anaiweka upya, wiki inaisha.

Hapa niseme ukweli ambao vitabu vinauruka. Nimewahi kuwa na mashine mbili za modeli ileile, pawa saplai za lebo ileile, kadi zilezile. Moja ilifanya kazi miaka bila kulalamika, nyingine ilizima siku ya kwanza. Kanuni ninayotumia ni kuzidisha wati za kadi mara mbili, kisha kuongeza za prosesa, halafu kutafuta mstari wa volti 12 unaobeba jumla hiyo. Ni kanuni ya mkono. Sina mlinganyo wa kuitetea, nina mashine zilizorudi tu.

Wapo pia wanaoogopa kinyume chake, kwamba pawa saplai ya wati 650 itaunguza mashine au itakula umeme wa 650 muda wote. Haisukumi kitu, inatoa kilichoombwa. Mashine ikiomba 200 na ufanisi ukiwa asilimia 85, ukutani unavuta kama 235. Basi.

Turudi kwenye mashine za kiwandani, maana hapa ndipo swali la wati linapokuwa la mwisho kabisa. Umekubali, umeenda kununua pawa saplai nzuri, umerudi, umefungua kasha. Madabodi haina tundu la kawaida la pini 24. Ina la pini 6, au 8, au 10. Watengenezaji wakubwa walianza zamani kutumia plagi zao wenyewe, na madabodi zao nyingi hupokea volti 12 tu, kisha hujitengenezea 5 na 3.3 zenyewe. Adapta zipo, na nimezitumia bila shida, lakini idadi ya pini kulingana haitoshi. Baadhi ya madabodi hizo hutaka volti 12 hata mashine ikiwa imezimwa, wakati pawa saplai ya kawaida hutoa 5 katika hali hiyo. Ndiyo maana adapta nyingine zina bodi ndogo katikati ya kupandisha volti. Tafuta adapta iliyotajwa kwa modeli yako hasa. Halafu pima kasha kwa rula, kwa sababu pawa saplai za mashine nyembamba ni ndefu na finyu, na ile ya kawaida haitaingia hata ukiibembeleza.

Na tafadhali, waya za pawa saplai moja usizichomeke kwenye nyingine. Upande wa kifaa plagi zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo. Niliwahi kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 kwa njia hiyo, na diski yenye picha za familia ya mtu ikafa mkononi mwangu. Sijaisahau.

Adapta ya SATA, plagi inayolisha diski, kwenda plagi ya kadi yenye pini 6? Usiiguse. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampia 1.5. Hizo ni wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Tofauti hiyo inageuka joto kwenye plastiki.

Kwa anayetaka kubadilisha prosesa, nitaipitia haraka. Soketi, yaani tundu la prosesa, kulingana hakumaanishi chochote peke yake: prosesa za Intel za kizazi cha nane, zilizotoka mwaka 2017, zina migusano 1151 kama za sita na saba, na madabodi za zamani zinazikataa. Angalia orodha ya prosesa zilizouzwa na modeli yako, kisha bayosi (programu ya madabodi inayowasha mashine), kisha ile sehemu ya madabodi inayoshusha volti 12 kuwa volti moja na kitu. Bodi iliyotengenezewa prosesa ya wati 65 haitabeba Core i9-12900K, ambayo imeandikwa 125 lakini ina ruhusa ya kufika 241.

Yule bwana wa kadi nilimshauri airudishe, achukue RTX 3050 ya GB 6. Jina ni lilelile, kadi ni nyingine: ni dhaifu zaidi, lakini inakula wati 70 na huchota zote kwenye sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi, ambayo kwa kiwango hutoa hadi 75. Haihitaji plagi ya ziada, na pawa saplai yake inabaki ilipo. Kama kasha lako ni jembamba, tafuta toleo la nusu kimo, na usome kwanza mwongozo wa mashine, kwa sababu kwenye baadhi ya makasha hayo sloti imewekewa kikomo cha chini ya 75.

Ukitaka kuniuliza, tuma picha tatu: lebo ya pawa saplai, plagi zote zinazoingia kwenye madabodi, na kasha lililo wazi na rula ndani yake. Namba ya wati unaweza kuiacha.