Ng'ombe Akiachiwa Watoto: Dhana Potofu na Ukweli

Baba kalazwa hospitali, mama yuko huko anamuuguza, na bandani kuna ng'ombe wa maziwa anayelia njaa. Kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, vya Kilimanjaro na migombani Kagera, ambako ng'ombe hufugwa ndani na kuletewa kila kitu, mtoto anaweza kuamka asubuhi akakuta kazi hii yote ni yake. Wengi wanaiweza. Kinachowaponza ni maneno ya watu wazima.

"Ng'ombe anakula majani mabichi, maji kidogo yanamtosha." Hayamtoshi. Anayekamuliwa hunywa lita 60 kwa siku na zaidi, yaani madumu matatu ya lita 20 kwa uchache. Maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, kwa hiyo akinyimwa, yanapungua siku hiyo hiyo. Mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba madumu hayo toka mtoni na bado awahi shule. Jirani mwenye punda au mkokoteni aombwe mapema, bila kuona haya.

"Majani yakikosekana, mjazie pumba." Hili linanitisha kuliko yote. Pumba au unga mwingi kwa mkupuo huchachuka tumboni, hutengeneza asidi, na ng'ombe anaweza kufa. Heri mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa. Majani machanga ya jamii ya mikunde yenye umande nayo humjaza gesi. Ubavu wa kushoto ukitutumka ukakaza kama ngoma, na ameacha kucheua, mtaalamu wa mifugo aitwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kusubiri kukuche ni kumpoteza.

"Akibana maziwa, mchape." Hofu ndiyo inayoyabana. Kiwele kikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukandwa taratibu, homoni ya oksitosini huyashusha. Nguvu yake ni ya dakika chache, basi akamuliwe bila kukatishwa.

"Ni mpole, amezoea watoto." Mpole huyo huyo akizaa hubadilika. Tena nyuma yake haoni. Mtoto amwendee kwa ubavuni huku akimsemesha. Uzazi wenyewe, kondo la nyuma lililokwama na mimba iliyotoka ni vya mtu mzima mwenye glavu, maana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, huambukiza binadamu. Kwa ndama mtoto anaweza kusaidia sana: ahakikishe amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, ndani ya saa 6 za kwanza. Wapo wanaoagiza limwagwe kwa kuwa ni zito na la njano, kumbe ndiyo kinga yake.

Wengine husema maziwa ya moto moto toka kiweleni ni dawa. Yachemshwe. Na ng'ombe akidungwa antibayotiki, mtaalamu aulizwe ni siku ngapi maziwa yasinywewe wala kuuzwa, na jibu liandikwe kwa chaki mlangoni mwa banda ili kila anayekuja kukamua alione.