Kuku hawafi, kwa hiyo virusi hamna? Jamani hapana

Juzi tena. Nimeinama kwenye tenga sokoni nachukua swabu, kile kijiti cha pamba cha kupimia mafua ya ndege, mwenye kuku akaja juu: "kuku wangu wazima hawa, hajafa hata mmoja, unatafuta nini?" Yeye simlaumu, anatetea riziki yake, ila maneno hayohayo nayasikia kwa waliosoma, wale wa kupitisha bajeti ya sampuli, na hapo ndo nachoka kabisa.

H5N1 kali, aina mojawapo ya virusi vya mafua ya ndege, inapoingia bandani kuku wanaisha ndani ya siku chache, hiyo kweli, sasa watu wameikariri hiyo moja wakadhani mafua ya ndege yote yako hivyo. H9N2, aina nyingine, inakaa kwa kuku kimya kimya, labda mayai yanapungua, basi. Na H7N9 iliyoibuka China 2013 je? Kuku walikuwa wanakula na kuwika kama kawaida huku binadamu wanalazwa na nimonia, yaani mgonjwa ndo alitushtua, sio kuku. Na jeni zake 6 kati ya 8 zilitoka kwenye hiyohiyo H9N2 ambayo mnaniambia sio kali tuachane nayo! Bata nao wanaweza kubeba H5N1 na kuimwaga kwenye kinyesi bila hata kuzubaa. Halafu hata ikiwa ile kali, kuku anakaa sokoni siku moja mbili anauzwa, na anayeanza kusinzia ndo anachinjwa wa kwanza, sasa hicho kifo utakiona saa ngapi?

Kupima kwenyewe: kuku koo na nyuma, bata nyuma usiruke, halafu maji ya kunywa, ubao wa kukatia, mashine ya kunyonyoa, vyote kwenye baridi hadi maabara.

Majibu yakirudi hasi nako kuna shida yake. Umepima kuku 30 wote hasi, bado inawezekana kabisa kuku mmoja kati ya 20 pale sokoni ana virusi, 30 ni wachache. Na chanya ya kwenye ubao inaniambia RNA, yaani chembe za urithi za virusi, imepita hapo, hainiambii ni ya kuku yupi, wa leo au wa jana, wala kama virusi bado viko hai. Hilo linaninyima raha kila nikiandika ripoti.

Kufunga soko? Hong Kong 1997 waliugua watu 18 wakafa 6, wakachinja kuku zaidi ya milioni moja. Baadaye wakaweka siku za kupumzisha masoko, banda tupu, linaoshwa, na 2008 wakakataza kuku hai kulala sokoni, na mimi naamini hapo ndo penyewe, kwa sababu virusi vinadumu pale kuku wageni wanapowakuta wenyeji. Ila kufunga moja kwa moja nasita, maana kuku wanahamia kuuzwa huko pembeni ambako sina swabu hata moja.