Je, wajua wachumi hupimaje mkono wa siasa mfukoni mwako?

Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo inayoshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda bara ipandishwe SGR, reli ya kisasa, na ikaguliwe na kutolewa Nairobi badala ya kusafirishwa kwa malori. Mombasa watu wakaandamana. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza shughuli hizo zirudi bandarini. Muulize muuza chai wa Changamwe, mtaa wa Mombasa, anayewauzia madereva wa malori, amri ile ilimtia hasara kiasi gani, atakupa hesabu papo hapo. Mchumi atasita, wala si ubishi: kati ya tarehe hizo ilipita korona. Wateja walipotea kwa amri au kwa ugonjwa?

Kwa kuwa siasa haiingii maabara, wachumi huvizia tukio la ghafla ambalo biashara hazikulisababisha. Mfano ninaoupenda ni wa mchumi Raymond Fisman, aliyetaka kujua kujuana na mkubwa kuna thamani gani katika Indonesia ya Rais Suharto. Kila ulipovuma uvumi kwamba rais ni mgonjwa, kama Julai 1996 alipokwenda Ujerumani kupimwa afya, Fisman alitazama soko la hisa la Jakarta. Hisa za kampuni zilizokuwa karibu na ikulu zilishuka kuliko za wengine. Pengo hilo ndilo bei ya kujuana. Hakuna tajiri aliyehitaji kuulizwa, na angeulizwa, nani angekiri?

Kenya nako, utafiti uliochapishwa 2015 ulifuatilia barabara kuanzia 1963 hadi 2011. Wilaya zenye watu wengi wa kabila la rais zilipata fedha za barabara mara mbili ya nyingine, na lami mara tano kwa urefu. Lakini katika vipindi vya demokrasia upendeleo huo ulitoweka. Moi alitawala kabla na baada ya vyama vingi kurudi, kwa hiyo hapa huwezi kusingizia tabia ya mtu mmoja.

Basi kwa bandari yetu, kulinganisha 2018 na 2021 peke yake hakutoshi. Tafuta vibanda vya chakula vinavyotegemea madereva wa malori, uviweke kando ya vibanda kama hivyo vinavyolisha wakaazi wa mtaa. Korona iliwapiga wote. Amri iliwagusa zaidi wale wa kwanza. Hoteli za Nyali usizitie humo, watalii wana mambo yao. Tatizo litakuwa daftari, maana kibandani kinachoandikwa mara nyingi ni madeni ya wateja tu.