Polabodi imetoka, yai halijaiva

"Dokta, shikamoo. Polabodi zimetoka, yameiva. Tutie mbegu?"

Huyo ni mwanafunzi wangu wiki hii, kwenye maabara yangu ya kurutubisha mayai ya mbuzi nje ya mwili, kisahani mkononi, uso unang'aa. Polabodi ni kile kijipira kidogo ambacho yai hukisukuma nje linapogawa kromosomu zake. Nikamwambia tia, maana saa zilikuwa zimetimia, lakini lile neno "yameiva" lilinikaa kooni mpaka jioni. Na yeye ana nafuu. Wageni wengi wanaochungulia hadubini yangu huamini yai la mbuzi likishatoka kwenye ovari liko tayari, kazi iliyobaki ni kulimwagia manii na kusubiri.

La wageni nalimaliza upesi. Ovari za machinjioni zikifika, zingali vuguvugu kwenye maji ya chumvi, tunavuta au kupasua folikuli, vifuko vinavyobeba mayai, za milimita 2 hadi 6. Yai lililomo limesimama katikati ya meiosisi, ule mgawanyiko wa kupunguza kromosomu nusu, tangu yule mbuzi mwenyewe yuko tumboni mwa mama yake. Pincus na Enzmann walionyesha mwaka 1935, kwa sungura, kwamba ukilitoa yai kwenye folikuli linaamka lenyewe na kuendelea. Kwa hiyo tunalilea kwenye inkubeta: nyuzi 38.5, kabonidioksidi asilimia 5, TCM-199 (kimiminika cha kulelea seli) yenye homoni za FSH na LH, na seramu, yaani maji ya damu, saa 24 hadi 27. Basi.

Sasa la mwanafunzi. Polabodi inakupa habari ya kiini tu: kromosomu 60 zimegawanywa, 30 zimebaki, 30 zimesukumwa nje kwenye kile kijipira. Saitoplazimu, ule ute unaokizunguka kiini, ina ratiba yake, na haiitangazi. Vijichembe vya pembezoni vinatakiwa viwe vimesogea na kujipanga chini ya utando, ili mbegu ya kwanza ikiingia vimwagike na zona, ganda la nje la yai, izifungie mlango nyingine. Visipofika mahali pake, zinaingia mbili, tatu, na kiinitete cha namna hiyo hakifiki popote. Glutathaioni nayo, kemikali ya yai inayofungua vifungo vya salfa, iwe imelimbikizwa vya kutosha, la sivyo kichwa cha mbegu kinaingia kimekazwa na vifungo vyake vya salfa na hakifumuki. Ndiyo maana tunatia sisteamini, inayolisaidia yai kuitengeneza. Halafu kuna akiba ya mRNA, zile nakala za maagizo ya jeni. Kiinitete cha mbuzi hakishiki usukani wa jeni zake sawasawa mpaka kifike seli 8 hadi 16. Kabla ya hapo kinaishi kwa kile yai lilichoweka. Hebu niambie, akiba hiyo unaionea wapi kwenye hadubini? Mayai ya mbuzi wachanga ambao hawajabalehe hutoa polabodi bila shida, kisha mengi yanaishia njiani kabla ya blastosisti, hatua ambayo kiinitete huwa kijipira chenye uwazi ndani. Kiini kimefanya kazi yake, nyumba haina chakula.

Kuna jambo jingine lililonitia uchungu zaidi. Yai lililolelewa vizuri, kumulasi yake, yaani seli zinazolizunguka, hutanuka ikawa wingu la ute, inanata hata kwenye ncha ya pipeti. Polabodi huioni mpaka uivue. Yule kijana, kwa hamu ya kuhakikisha, aliyavua mayai yote! Kumulasi hiyohiyo ndiyo ingezisaidia mbegu kulifikia yai. Sisi tunavua machache ya sampuli, mengine tunayaacha na nguo zake. Wapo wanaoyavua nusu, na sina ubavu wa kuwaambia wamekosea.

Manii nitayapitia tu. Chang na Austin, kila mmoja kivyake, waligundua mwaka 1951 kwamba mbegu haiwezi kurutubisha mpaka kwanza ipate uwezo ndani ya njia ya uzazi ya jike. Kwenye kisahani tunaiga hilo kwa kemikali iitwayo heparini. Shahawa za beberu zina kimeng'enya kinachogombana na kiini cha yai la kuku kwenye dawa ya kugandishia manii, kwa hiyo watu wengi huziosha kwanza. Na mabeberu hawalingani. Kwa huyu mayai yanagawanyika kwa wingi; kwa yule, heparini ileile, mkono uleule, kisahani kinanitazama tu.

Kingine ambacho vitabu hukipita kimyakimya: kuna wiki matokeo yanaporomoka bila kitu chochote kubadilika isipokuwa chupa ya seramu. Nikiulizwa sababu, nakunja uso kitaalamu na kusema, "Ni seramu." Hayo si maelezo, najua. Seramu ni mchanganyiko ambao hakuna anayeweza kukuorodheshea vyote vilivyomo.

Wala kugawanyika kusikudanganye. Yai la mbuzi lina mafuta, ni la kiza, viini viwili vya urutubisho, kimoja cha yai na kimoja cha mbegu, ni shida kuviona bila kulitia rangi, na hilo ulilolitia rangi umeshalipoteza. Ukihesabu yaliyogawanyika peke yake unahesabu pia yale yaliyojianzia bila mbegu, kwa kuzeeka au kwa kushtuliwa na baridi nje ya inkubeta. Ndiyo maana kila mara nadai kisahani kimoja kisichotiwa mbegu. Wanafunzi hukiona ni kupoteza mayai.

Baada ya saa 48 kijana akaja tena, safari hii bila tabasamu. Kwenye kile kisahani kisicho na mbegu, mayai mawili yalikuwa na seli mbili mbili, zimegawanyika sawasawa, nzuri kuliko nyingi za kisahani chake.

"Dokta," akasema, "haya nani kayarutubisha?"